Kaunta Buku ya Kurasa 288: Tathmini ya Daftari kwa Aliyekwama Kuandika

Kwa yeyote aliyewahi kupokea fomu ya kujiunga na kidato cha tano nchini Tanzania, kaunta buku haihitaji kutambulishwa. Imo katika orodha ya mahitaji pamoja na shuka, ndoo na jembe, na mzazi huinunua bila kuiwazia sana. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, kurasa zilizopigwa mistari na mgongo ulioshonwa kwa uzi, nalo hupangwa madukani kwa herufi Q na namba: Q1 ina kurasa 96, Q2 ina 192, Q3 ina 288 na Q4 ina 384. Wenye maduka huandikia madeni na hesabu za siku, na wanafunzi huandikia maelezo ya mwalimu. Tathmini hii inaihusu ile ya Q3, nami naipima kwa kazi ambayo haikutengenezewa, yaani kumrudisha kwenye kuandika mtu ambaye maandishi yake yamekwama na ambaye furaha aliyokuwa nayo zamani akishika kalamu imemtoka. Nimeitumia kwa kazi hiyo hapa Mwanza kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba ni kifaa bora kuliko vyote nilivyojaribu, vikiwemo vilivyo ghali kupita kiasi.

Kabla ya kukisifu kifaa ni haki kueleza tatizo lenyewe, maana kukwama hakufanani kwa watu wote. Yupo ambaye hana la kusema kwa sababu hajaishi na jambo lake vya kutosha. Huyo hahitaji daftari, anahitaji muda, na kutembea, na kusikiliza watu. Wengi ninaowafahamu katika jiji hili si wa aina hiyo. Ni mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika hadithi fupi tangu ujana wake, na sasa anaandika maandalio ya somo, mitihani na ripoti. Ni mwandishi wa habari anayelipwa kwa habari moja moja, ambaye kila aya yake ina mhariri anayeisubiri. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu kule Malimbe ambaye tasnifu yake imerudishwa na msimamizi mara nyingi kiasi kwamba akifungua faili mikono inakuwa mizito. Hawa hawajaishiwa maneno, kwa kuwa wanaandika kutwa nzima. Walichokikosa ni ukurasa usiosubiriwa na mtu. Kila sentensi wanayoianza tayari ina msomaji, na msomaji huyo ana kalamu nyekundu, hivyo wanaifuta kabla haijafika kwenye nukta. Jioni wakikaa kuandika kile walichokipenda wenyewe, mkono uliozoea kukaguliwa unajikagua hata pale ambapo mkaguzi hayupo.

Mike Rose, mwalimu wa uandishi aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliwalinganisha wanafunzi waliokwama na wenzao wasiokwama, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yangali yana manufaa. Waliokwama hawakuwa na uwezo mdogo kuliko wengine. Tofauti ilikuwa katika kanuni walizozishika. Mmoja aliamini kwamba sentensi ya kwanza lazima imnase msomaji papo hapo, mwingine aliamini kwamba hawezi kuandika neno kabla hajakamilisha mpango wote, na kanuni hizo hazikupinda hata zilipowaumiza. Wasiokwama nao walikuwa na kanuni zao, lakini walikuwa tayari kuziweka kando zisipowafaa.

Nikiyasoma hayo nawaona watu wa kwetu. Tumefundishwa insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Tumefundishwa kuifungua kwa methali. Wengi wetu tumefundishwa pia kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Watu wa mwambao huu wa Ziwa Viktoria tuna sababu ya pekee ya kuitafakari kanuni hiyo ya mwisho, kwa kuwa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo kisiwani Ukerewe mwaka 1944, alikuwa mstari wa mbele katika kulijenga shairi huru la Kiswahili katika miaka ya 1970, na mabishano yaliyozuka kati ya wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanausasa, waliotetea shairi huru, yaliendelea kwa miaka mingi. Mimi binafsi napenda vina, na utenzi uliopimwa vizuri hunifurahisha kuliko mashairi huru mengi ninayoyasoma. Hata hivyo, hunipa nguvu kukumbuka kwamba mtoto wa kisiwa ninachoweza kukifikia kwa meli ya asubuhi aliitazama kanuni iliyoheshimiwa na wakubwa wake, akaandika alichotaka kuandika. Kanuni ina wakati wake, na wakati huo si dakika kumi za kwanza za rasimu.

Sasa nije kwenye daftari lenyewe, nianze na bei. Q3 niliyo nayo niliinunua hapa mjini kwa shilingi 5,000, na bei hupanda na kushuka kidogo kutoka duka hadi duka, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa. Kwa kurasa 288, ukurasa mmoja haufiki hata shilingi 18. Hesabu hii ndogo ina nguvu kubwa kwa mtu aliyekwama. Daftari la zawadi lenye jalada la ngozi na karatasi nene ya rangi ya maziwa ni zuri kulitazama, lakini kila unachofikiria kukiandika ndani yake kinaonekana hakistahili, na wengi tunayo madaftari ya namna hiyo kabatini yakiwa na kurasa mbili tu zilizoandikwa kwa mwandiko wa sherehe. Ukurasa wa shilingi 18 haumdai mwandishi chochote. Anaweza kuuharibu, na anayeruhusiwa kuharibu hurudi kuandika mapema kuliko anayetakiwa kupendeza.

Sifa inayofuata, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kushonwa. Karatasi za kaunta buku iliyotengenezwa vizuri hukunjwa kwa mafungu, kisha kila fungu hushonwa katikati kwa uzi, kwa hiyo karatasi unayoiandikia mwanzoni mwa fungu ndiyo hiyo hiyo inayotokea upande wa pili mwishoni mwa fungu. Ukiichana moja, mwenzake hulegea na baada ya muda hudondoka. Mwandishi hulijua jambo hili mapema na huacha kuchana. Ubaya wa ukurasa wa jana unabaki mahali pake, na njia inayobaki wazi ni kufungua ukurasa unaofuata. Nimeona mara nyingi, nikirudi nyuma baada ya majuma kadhaa, kwamba mistari niliyoikata kwa hasira ndiyo yenye uhai, na mistari niliyoiacha kwa kuiona safi ndiyo ambayo hainiambii kitu. Kwa kidole juu ya kioo cha simu mistari ile ingekuwa imepotea kabisa, nami nisingepata kujua kwamba nilikuwa nafuta mali yangu.

Kurasa zake hazina tarehe. Nalitaja hili kwa sababu mtu aliyekwama hushauriwa sana atumie shajara, na kila mwisho wa mwaka ofisi na mabenki hugawa shajara nzuri za bure zenye kila siku na ukurasa wake. Kwa mwandishi mwenye afya ni zawadi nzuri. Kwa aliyekwama, siku nne alizoziacha zinabaki kuwa kurasa nne nyeupe zilizoandikwa tarehe, na kila akifungua zinamsomea mashtaka. Kaunta buku haijui uliiacha lini. Ukirudi baada ya mwezi, ukurasa unaofuata ule wa mwisho uko palepale, na anayetaka kuweka tarehe ataiweka kwa mkono wake.

Ninajua wasomaji wengi watauliza kwa nini nisizungumzie simu, ambayo kila mtu anayo na ambayo haiongezi mzigo kwenye mkoba. Nimeijaribu kwa nia njema. Ina faida ambazo daftari halina: ina nywila, ina mwanga usiku, na kilichoandikwa humo hakihitaji kuchapwa upya. Tatizo lake ni kwamba inakaa sebuleni pa watu wote. Aya inayoandikwa juu ya kioo kilekile kinacholeta ujumbe wa kikundi cha ukoo, tangazo la mchango wa harusi na habari za mpira haiwezi kupata dakika kumi za peke yake. Tena ni rahisi mno kuituma. Sentensi yenye umri wa dakika tatu inaweza kuwa imeshasomwa na watu arobaini, na mwandishi, badala ya kuendelea na sentensi ya pili, anakaa kusubiri watasema nini kuhusu ya kwanza. Hapo kuandika kumegeuka kusubiri, na kusubiri ndiko kulikomkwamisha tangu mwanzo.

Kompyuta ina kasoro nyingine, nayo inawahusu hasa wanaoandika Kiswahili. Mashine nyingi huja zikiwa zimepangwa kukagua tahajia ya Kiingereza, na mtu anayeandika Kiswahili juu yake huona karibu kila neno limepigiwa mstari mwekundu: jina la mama yake limekosewa, jina la samaki anayemla limekosewa, hata "nakumbuka" imekosewa. Najua mipangilio inaweza kubadilishwa na namshauri kila mtu aibadilishe leo. Lakini wapo walioandika chini ya mistari hiyo kwa miaka mingi, na sidhani kwamba haikuwaachia kitu. Kuandika lugha yako kwenye ukurasa ambao hauikatai hata neno moja ni raha ambayo mtu haijui mpaka aionje tena, nami naihesabu miongoni mwa sababu kuu za kulisifu daftari hili.

Nilipokwenda kuinunua, kwenye duka la vifaa vya shule na ofisi jirani na Makoroboi, binti aliyekuwa zamu alinisalimu vizuri, "Shikamoo mwalimu," kisha akauliza, "Unataka ya shule au ya hesabu?" Swali lake lilikuwa la kitaalamu, maana yapo madaftari ya hesabu yenye mistari ya kusimama kwa ajili ya tarakimu, na hayo hayafai kwa kazi yetu. Nikamjibu, "Marahaba binti yangu. Ni ya kuandikia tu." Akauliza tena, "Ya kuandikia nini?" Nikasema, "Chochote kitakachokuja." Akanifungulia Q3 mbili nilinganishe karatasi, akasema hiyo ya pili wino hauvuji sana. Ushauri wake ulikuwa sahihi, na nimependa kuueleza hapa kwa sababu muuzaji anayeijua bidhaa yake ni sehemu ya huduma.

Namna ya kulitumia ndiyo inayoamua kama fedha yako imekwenda vizuri. Zoezi ninalolifuata lilielezwa mwaka 1973 na Peter Elbow, mwalimu wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kuyaacha masomo ya shahada ya juu Harvard kwa sababu alishindwa kuandika kazi alizotakiwa. Mtu anaandika kwa dakika kumi bila kusimama, bila kurudi nyuma kusahihisha, bila kutafuta neno bora; akikosa la kusema anaandika kwamba hana la kusema, na anaendelea kuandika hivyo mpaka jingine lije. Hakuna anayeyasoma maandishi hayo. Zoezi hili linaonekana jepesi hadi ulijaribu, ndipo unapogundua jinsi mkono unavyotaka kusimama kila baada ya mistari miwili ili kuomba ruhusa. Kwenye simu nimeshindwa kulifanya, kwa kuwa kidole kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Kwenye kaunta buku linafanyika.

Kwa upande wangu nimeongeza taratibu mbili. Naandika ukurasa wa kulia peke yake na kuuacha wa kushoto mtupu. Hivyo kurasa 288 zinakuwa 144, lakini wino unaovuja hausumbui tena, na ukurasa mtupu unabaki kuwa nafasi ya kujibu: siku nyingine, nikiwa mtu mwingine kidogo, narudi na kuandika pale kushoto neno moja, swali, au sentensi iliyokomaa kuliko ile ya kulia. Nusu ya hadithi zangu za karibuni zimezaliwa upande wa kushoto. Utaratibu wa pili ni kutoka nje. Jalada gumu ni meza tosha, na hii ni sifa ambayo daftari laini la kurasa 80 haliwezi kuwa nayo. Unaweza kuandikia magotini ukiwa umekaa juu ya mawe ya Kapripoint, au kwenye benchi la kivuko cha Kamanga, au katika meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, ambako muda upo wa kutosha na mtandao mara nyingine haupo.

Mahali palipolipa zaidi ni soko la Mwaloni, Kirumba. Nawashauri waliokwama waende pale asubuhi na daftari, wasiandike hadithi, wasiandike hisia zao, waandike tu kilicho mbele ya macho. Magunia ya dagaa waliokaushwa visiwani yanashushwa. Bei zinatajwa kwa Kiswahili, Kisukuma na lafudhi za kutoka Kongo na Burundi. Wanawake wanashika dagaa kiganjani, wanawapondaponda kidogo kwa vidole kujua kama wamekauka, wanawarudisha. Mtu akiandika hayo anaacha kujitazama, na kujitazama ndiko kunakoziba njia. Pia anaanza kuuliza. Kwa nini majuma mengine dagaa wapya ni wachache? Kwa sababu huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa haiwavuti, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Jambo hilo moja, ambalo kila mtoto wa mwaloni, yaani ufukwe wa kushushia samaki, analijua, lilinifungulia kurasa nyingi kuhusu kijiji kinachopangilia harusi zake, madeni yake na ugomvi wake kwa kufuata giza la mwezi. Mwandishi anayedai hana la kuandika ilhali anaishi kando ya ziwa hili ahesabiwe kuwa hajashuka bado hadi majini.

Siku moja, zoezi likikaribia kuisha, mkono wangu uliandika hivi: "Kuli amesimama na gunia begani, anasubiri watu wawili wamalize kubishana bei ya kitu ambacho yeye ndiye anayekibeba." Sentensi hiyo haijaingia katika hadithi yoyote na huenda isiingie. Lakini nilipoiona nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya zamani, ya mwanafunzi wa shule ya msingi aliyeandika kitu nyuma ya daftari la hisabati kwa sababu tu kilimpendeza. Wanaotafuta njia ya kutoka kwenye kukwama huulizia sana mbinu za kuongeza kurasa. Mimi naona furaha hiyo ndiyo inayopaswa kutafutwa kwanza, kwa kuwa kurasa huifuata yenyewe.

Hata hivyo furaha haiji kwa kuingojea barazani. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice alilichunguza suala hili kwa wahadhiri wa vyuo vikuu, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 1983 waliobanwa kuandika kwa ratiba waliandika kurasa nyingi zaidi kuliko waliosubiri kujisikia, na, hapa ndipo wengi tunapokosea, walipata pia mawazo mapya mengi zaidi. Kwa hiyo dakika kumi za kila asubuhi kabla ya kufungua simu zina thamani kuliko Jumamosi nzima ya mara moja kwa mwezi.

Kuna swali linalonifikia kila ninapolisifu daftari hili kwa wenzangu: maandishi hayo yatakwenda wapi? Nawajibu kwa kuwakumbusha Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake kubwa aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wa kisiwa kimoja, na kuimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akiwa mzee aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata alifariki. Sitaki kuifanya habari hiyo kuwa tamu kuliko ilivyo, kwa sababu mwandishi kusubiri miaka 35 ni dhuluma, na nchi inayosomesha watoto wake ilipaswa kumwahi mapema zaidi. Lakini siwezi kuamini kwamba mtu angeweza kujaza mamia ya kurasa za mila, misemo, kilimo, uvuvi na mapenzi ya watu wake, kwa lugha ambayo wachapishaji hawakuitaka, bila kupata ndani ya kazi yenyewe malipo yaliyomtosha siku ile. Kama ukurasa wake wa kila siku ungekuwa unasubiri kibali cha mchapishaji, tusingekuwa nao.

Kasoro za bidhaa hii zipo na mnunuzi azijue. Karatasi ni nyembamba. Kalamu ya jeli huvuja hadi upande wa pili, kwa hiyo tumia peni ya kawaida ya bluu. Pembe za jalada huvimba zikiguswa na maji, na kando ya ziwa maji hayakosekani, basi ifunge kwenye mfuko wa nailoni ukipanda mtumbwi. Anayeandika barazani usiku karibu na taa atasumbuliwa na vijidudu vya ziwani, ambavyo hupanda juu ya maji kama moshi, hasa mwezi unapoandama, na vikibanwa kati ya kurasa huacha madoa ya kijani. Ni nzito pia, na haiingii katika mkoba mdogo. Hizo zote ni kasoro za kuvumilika.

Kasoro isiyovumilika kwa urahisi ni ya usiri. Wanaoishi chumba kimoja wawili watatu, au katika familia ambamo kila kitu kilicho mezani ni cha wote, hawana hakika kwamba daftari halitafunguliwa, na daftari linaloweza kufunguliwa na mwingine linapoteza nusu ya thamani yake kwa kazi hii. Nimewaona wanaoandika jina la somo kwenye jalada, "Bookkeeping" au "Kemia," ili lisivutie mtu, na mbinu hiyo inasaidia. Wengine hulifungia kwenye sanduku au huliacha ofisini. Lakini kwa msichana anayeishi kwa ndugu na ambaye maneno yake yanaweza kumletea matatizo, simu yenye nywila ni salama zaidi, na hapo siwezi kulipendekeza daftari kwa moyo mmoja.

Ipo pia kazi ya kuchapa. Kilichoandikwa kwa mkono kikitakiwa kutoka nje lazima kiingizwe kwenye kompyuta, na wanaotoza kwa kila ukurasa katika maduka ya kuchapa na kutoa kopi hawafanyi bure. Ninashauri mtu achape mwenyewe kila anapoweza, hata kama ni polepole, kwa sababu kuchapa upya ndiyo rasimu ya pili: sentensi dhaifu hujitambulisha yenyewe pale vidole vinapochoka kuibeba. Hapo sasa kanuni, vina, mizani na methali za ufunguzi zinakaribishwa, na hata ule mstari mwekundu, ukiwa umepangwa kwa Kiswahili, una kazi.

Niseme pia kwamba kukwama kwingine hakutokani na kanuni wala na macho ya watu. Aliyefiwa, anayekosa usingizi kwa majuma, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu pamoja na hamu ya kuandika, aende hospitali azungumze na daktari. Daftari linaweza kumsindikiza lakini halimtibu.

Kwa wengine wote ninaipendekeza kwa nguvu, na kwa anayeanza ningesema achukue Q3. Q1 huisha kabla mazoea hayajashika na hukufanya uanze kubana kurasa; Q4 ni nzito mno kubeba hadi mwaloni na kurudi. Nunua moja tu, wala usinunue tatu kwa shauku. Kabla ya kulipa, ifungue katikati ya fungu na utafute uzi: ukiuona umepita kwenye mkunjo, karatasi zitakaa miaka, ukiona gundi peke yake mgongoni, irudishe, kwa kuwa zipo zinazofanana nayo kwa nje lakini huanza kumwaga karatasi zikikaa juani. Jaribu peni yako kwenye ukurasa wa mwisho kama muuzaji ataruhusu. Akikataa hata kuitoa kwenye nailoni, mshukuru na uende duka linalofuata. Katikati ya mji yako mengi na yamekaribiana.